Vipele vya Kunyoa: Maradhi Madogo Yanayokuzwa na Wembe, Kucha na Mkorogo

Vipele vidogo vyenye usaha vinavyojitokeza kidevuni, kisogoni, kwapani, mapajani au kwenye kinena siku chache baada ya kunyoa ni miongoni mwa matatizo ya ngozi yanayowasumbua wananchi wengi, wanaume kwa wanawake. Kitaalamu hali hiyo huitwa folikulaitisi, yaani kuvimba kwa vinyweleo. Kwa wagonjwa walio wengi, vipele hivyo hupona ndani ya siku 7 hadi 10 iwapo chanzo chake kitaondolewa na ngozi ikapewa nafasi ya kupumzika.

Hata hivyo, wapo wananchi wanaoishia kuwa na majipu, madoa meusi ya muda mrefu au makovu magumu yasiyoondoka. Mara nyingi madhara hayo hayaletwi na vipele vyenyewe. Huletwa na hatua zilizochukuliwa katika kuvitibu: kunyoa tena juu ya kidonda, kutumbua kwa kucha, kupaka krimu zilizonunuliwa bila ushauri wa mtaalamu, na hatimaye kutumia mkorogo ili kufuta madoa. Kufahamu chanzo cha vipele ni hatua ya kwanza ya kuepuka madhara hayo.

Kinyweleo huvimbaje?

Mwili wa binadamu una vinyweleo takriban milioni 5, na kati ya hivyo takriban 100,000 viko kichwani. Kila kinyweleo ni kishimo chembamba kinachoingia ndani ya ngozi, ambamo unywele huota na tezi ndogo hutoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mdomo wa kishimo hicho ukikwaruzwa, ukizibwa au ukilowa jasho kwa muda mrefu, vimelea hupata njia ya kuingia. Kinga ya mwili hupambana navyo, na matokeo yake ni kipele chenye unywele katikati, usaha kidogo juu yake, mwasho na maumivu.

Vitabu vingi vya tiba hueleza kuwa kipele cha aina hii huzungukwa na wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Badala yake, eneo linalozunguka kipele huwa jeusi zaidi au hukaribia rangi ya zambarau, huwa na joto na huuma likiguswa. Kwa sababu hiyo, ni vyema kuichunguza ngozi kwa kuigusa pamoja na kuitazama.

Vipele hivi hutofautiana na harara, ambayo ni vipele vidogo sana vya joto vinavyosambaa kwa wingi bila kufuata nywele, na hutulia mwili unapopoa. Hutofautiana pia na chunusi, ambazo huambatana na vichwa vyeusi au vyeupe vya mafuta yaliyoziba, hasa usoni, kifuani na mgongoni.

Chanzo si kimoja

Chanzo kinachoongoza ni bakteria aina ya Staphylococcus aureus. Takriban watu 3 kati ya 10 huwa na bakteria hao puani bila kuugua. Mkono unaogusa pua na kisha kukuna ngozi iliyokwaruzwa na wembe unatosha kuwahamishia bakteria hao kwenye kinyweleo. Taulo, wembe na nguo za ndani zinazotumiwa na mtu zaidi ya mmoja huweza kufanya vivyo hivyo.

Chanzo cha pili ni unywele wenyewe. Nywele zilizojisokota, ambazo ndizo za Waafrika walio wengi, zikikatwa karibu mno na ngozi huacha ncha kali. Zinapoanza kuota upya, ncha hizo hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na mwili huupokea unywele huo kama mwiba. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyotokea kwa wanaume wengi, na pia kwa wanawake wanaonyoa kwapa na kinena. Mara nyingi hakuna bakteria katika hatua hii, na ndiyo maana dawa za kuua bakteria haziwasaidii baadhi ya wagonjwa.

Chanzo cha tatu ni fangasi. Kuna fangasi wanaoishi juu ya ngozi ya kila mtu na hushamiri kunapokuwa na joto, jasho na mafuta mengi. Hao husababisha vipele vidogo vinavyofanana na vyenye mwasho mkali, hasa kifuani, mabegani na mgongoni. Wakazi wa maeneo yenye joto na unyevunyevu, kama mwambao wa Bahari ya Hindi, huweza kuviona zaidi katika miezi ya joto. Wapo pia fangasi wa mapunye, ambao kwa watoto huweza kuingia ndani kabisa ya vinyweleo vya kichwa na kusababisha uvimbe laini unaotoa usaha na kung’oa nywele. Uvimbe huo hufananishwa na jipu, lakini haupasi kupasuliwa. Tiba yake ni dawa ya fangasi ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa kuwa krimu haifiki kwenye mzizi wa unywele.

Aidha, kusuka nywele kwa kuzikaza sana, kupaka mafuta mazito yanayoziba vinyweleo, kuvaa nguo zinazobana na zisizopitisha hewa, pamoja na kofia ngumu za kazini au za pikipiki zinazosugua kisogo, ni mambo yanayochangia tatizo hili.

Vipele vinapokuwa ishara ya jambo jingine

Vipele vinavyopona na kurudi mara kwa mara havipaswi kupuuzwa. Majipu yanayojirudia huweza kuwa ishara ya ugonjwa wa kisukari ambao mgonjwa hajui kuwa anao, kwa kuwa sukari nyingi katika damu hudhoofisha uwezo wa mwili wa kupambana na bakteria. Kipimo cha sukari huchukua dakika chache na huweza kugundua tatizo kabla halijaathiri macho, figo au mishipa ya fahamu.

Vilevile, vipele vyenye mwasho mkali usoni, shingoni na sehemu ya juu ya kifua, visivyosikia dawa za kawaida, huweza kuwapata watu ambao kinga yao imeshushwa sana na Virusi Vya UKIMWI (VVU). Huduma ya upimaji wa VVU na dawa za kufubaza virusi hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na mtu anayeanza dawa mapema hulinda kinga yake kabla haijashuka kufikia kiwango hicho.

Tanzania ilithibitisha wagonjwa wa kwanza wa Mpox Machi 2025. Vipele vya ugonjwa huo huambatana mara nyingi na homa, maumivu ya kichwa na misuli na kuvimba kwa tezi, na huweza kutokea viganjani na kwenye nyayo, mahali ambapo hakuna vinyweleo. Mwananchi mwenye dalili hizo anapaswa kuepuka kugusana na wengine na kwenda katika kituo cha kutolea huduma za afya, au kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo ili kupata maelekezo.

Hatari ya mkorogo na krimu za mchanganyiko

Kipele kinapopona kwenye ngozi nyeusi, mara nyingi huacha doa. Doa hilo si ugonjwa. Ni rangi ya asili iliyozalishwa kwa wingi na ngozi wakati ikijitetea, nayo hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa mradi vipele vipya visitokee juu yake. Kutokana na kukosa subira, baadhi ya watu hutumia krimu za kung’arisha ngozi au mkorogo, na hapo ndipo mzunguko mbaya huanza.

Nyingi ya krimu hizo huwa na steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, viambato ambavyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Steroidi ina kazi halali katika tiba, lakini hutumika kwa kipimo, kwa muda maalumu na chini ya uangalizi wa mtaalamu. Ikipakwa ovyo, hutuliza mwasho na uvimbe kwa siku chache, na mtumiaji huamini kuwa amepona. Ukweli ni kwamba kinga ya ngozi imenyamazishwa, na vimelea huendelea kuzaliana. Akiacha kupaka, vipele hurudi kwa nguvu zaidi, hivyo hulazimika kupaka tena. Baada ya muda ngozi hukonda, huota michirizi, hupasuka kwa urahisi na huwa na vipele vipya vinavyosababishwa na krimu yenyewe.

Hali kadhalika, zipo krimu za mchanganyiko zinazounganisha steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria katika mrija mmoja. Watu wengi huziomba dukani kwa imani kuwa zinatibu kila kitu. Kwa mgonjwa mwenye fangasi, steroidi iliyomo huficha sura halisi ya ugonjwa na kuuacha usambae, kiasi kwamba hata mtaalamu hupata ugumu wa kuutambua baadaye. Kwa mgonjwa ambaye unywele wake umejikunja ndani ya ngozi, krimu hiyo haiondoi chanzo.

Udhibiti wa dawa nchini uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi umehamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwananchi anashauriwa kusoma lebo kabla ya kununua. Bidhaa isiyoonesha viambato, mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi haifai kupakwa mwilini.

Tiba sahihi

Hatua ya kwanza ni kusitisha kunyoa eneo lililoathirika hadi vipele vipone. Kwa vipele vya ndevu vya muda mrefu, huenda mapumziko hayo yakahitajika kwa wiki kadhaa, ili nywele zirefuke na kujinasua zenyewe kutoka ndani ya ngozi.

Hatua ya pili ni kukanda kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Joto hilo hulainisha ngozi, husaidia usaha kutoka wenyewe na hupunguza maumivu. Baada ya kila matumizi, kitambaa hicho kifuliwe kwa maji ya moto na kisitumiwe na mtu mwingine.

Hatua ya tatu ni kuosha eneo husika mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni isiyo kali. Mtaalamu wa dawa huweza kushauri sabuni ya klorheksidini au krimu ya benzoili paroksaidi, ambazo hupunguza bakteria. Anayetumia benzoili paroksaidi atambue kuwa huondoa rangi ya nguo na taulo.

Ni marufuku kutumbua. Kuminya kipele husukuma usaha ndani zaidi na huweza kugeuza kipele cha siku chache kuwa jipu na kovu la kudumu. Tahadhari kubwa zaidi inahitajika kwa vipele vilivyo puani na kati ya pua na mdomo wa juu, kwa sababu mishipa ya damu ya eneo hilo ina mawasiliano na ile iliyo karibu na ubongo. Maambukizi kupanda kwa njia hiyo hutokea kwa nadra, lakini yakitokea huhatarisha maisha.

Vipele visipopungua, mtaalamu wa afya huamua dawa kulingana na chanzo. Kwa bakteria wa eneo dogo hutumika krimu au marhamu kama mupirosini au asidi ya fusidiki kwa siku chache. Vipele vikiwa vingi, au vikiambatana na homa, huweza kuhitajika dawa za kumeza kama kloksasilini. Doksisaiklini nayo hutumika kwa baadhi ya wagonjwa, lakini kwa kawaida haitolewi kwa wajawazito na watoto wadogo. Kwa fangasi hutumika shampuu au vidonge vya dawa za fangasi, wakati jipu lililoiva hupasuliwa kitaalamu na kusafishwa.

Ikumbukwe kuwa amoksilini, dawa ambayo wengi huinunua kwa mazoea, ikitumika peke yake haifanyi kazi dhidi ya bakteria wengi wa kundi hili, kwa kuwa wana uwezo wa kuivunja. Kumeza dawa isiyo sahihi, au kuacha dozi katikati, huchangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na gharama ya usugu huo hulipwa na jamii nzima pale maambukizi makubwa yanapokosa dawa ya kuyatibu.

Makovu ya kisogo

Wapo vijana wa kiume ambao vipele vya kisogo, chini kidogo ya mstari wa nywele, hugeuka taratibu kuwa vinundu vigumu, kisha vikaungana na kuwa kovu nene lisiloota nywele. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume wenye nywele zilizojisokota, na huanza baada ya balehe. Jina lake la kitaalamu humaanisha chunusi, lakini si chunusi za kawaida, na krimu za chunusi peke yake hazitoshi kuuponya.

Ukiwahiwa ungali vipele, huweza kudhibitiwa kwa kuacha kunyoa kisogo hadi kwenye ngozi, kuepuka kola zinazosugua shingo, na kutumia dawa anazoandika daktari, zikiwamo steroidi zinazopakwa kwa muda maalumu. Ukifikia hatua ya kovu, huhitajika sindano za kuchomwa ndani ya kovu au upasuaji, na matokeo hayana uhakika uleule. Tofauti kati ya hatua hizi mbili aghalabu ni miezi ambayo mgonjwa alitumia kubadilisha krimu.

Wajibu wa kinyozi na mteja

Kinga kubwa ya vipele hivi huanzia kwenye kiti cha kinyozi. Mwenye ngozi inayopata vipele anashauriwa kutumia mashine inayoacha nywele kwa urefu wa angalau milimita 1, badala ya wembe unaokwangua hadi kwenye ngozi. Anayelazimika kutumia wembe alainishe nywele kwa maji ya uvuguvugu na povu, anyoe kwa kufuata uelekeo wa nywele zinavyoota, asivute ngozi, asipitishe wembe mara nyingi mahali pamoja, na atumie wembe mpya mkali. Spiriti inayopakwa baada ya kunyoa hukausha na kuwasha ngozi. Haizuii unywele kujikunja.

Mashine ya kunyolea inapaswa kusuguliwa kwa brashi ili kuondoa nywele na uchafu, kisha kupanguswa kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa ikauke kabla ya kumhudumia mteja mwingine. Visanduku vyenye taa ya buluu vinavyoonekana katika saluni nyingi haviwezi kuchukua nafasi ya usafi huo, kwa kuwa mwanga wake haufiki mahali palipofunikwa na uchafu, nywele au kivuli. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hivyo wembe mmoja usitumike kwa watu wawili kwa hali yoyote.

Mteja ana haki ya kuomba mashine isafishwe mbele yake, kuomba taulo safi, au kwenda na vifaa vyake mwenyewe. Kinyozi kwa upande wake anayo haki ya kumshauri mteja mwenye vidonda aahirishe kunyoa hadi apone.

Wakati wa kwenda kituoni

Mwananchi anapaswa kufika katika zahanati au kituo cha afya bila kuchelewa iwapo ana homa, uvimbe unaosambaa au kuongezeka joto na maumivu, vipele vilivyo karibu na jicho au pua vinavyovimba, au iwapo ana kisukari au kinga iliyoshuka. Vipele visivyopungua baada ya wiki moja ya matunzo ya nyumbani, vinavyojirudia, au vinavyoacha vinundu vigumu, navyo vinahitaji uchunguzi.

Mgonjwa anayehitaji huduma za kibingwa hupewa rufaa kwenda hospitali zenye madaktari wa ngozi. Tanzania ni mwenyeji wa Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambacho tangu mwaka 1992 kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa fani hiyo kwa ajili ya Tanzania na nchi nyingine za Afrika.

Anapokwenda kumwona mtaalamu, mgonjwa anashauriwa kubeba krimu na dawa zote alizokwisha kutumia, ukiwamo mkorogo, na kuzitaja bila kuona haya. Mara nyingi taarifa hiyo ndiyo inayomwezesha mtaalamu kutenganisha ugonjwa wa asili na madhara yaliyoongezwa na tiba, na kumwondolea mgonjwa yote mawili.